Uliza Tukujibu: Hesabu ya Watoto Ambao Bado Hawajazaliwa

Tangu tuandike kuhusu matokeo ya sensa ya Uganda ya 2024, barua nyingi mlizotuletea zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, hesabu inaweza kutuambia jamii yetu itakuwaje miaka kumi au ishirini ijayo? Tumechagua barua sita. Moja tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu inahusu madarasa ya watoto, na pale kosa la hesabu huonekana kwa macho: watoto wanakaa sakafuni.

Asilimia 2.9 mpaka lini?

*Ndugu wahariri, salamu kutoka Jinja. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano walichukua watu milioni 45.9 wa sensa ya 2024, wakaongeza asilimia 2.9 kila mwaka, na walipofika mwaka 2100 Uganda ilikuwa na watu zaidi ya milioni 400. Nimekagua hesabu yao, haina kosa. Mbona siiamini? — Mwalimu wa hisabati*

Mwalimu, una haki kutoiamini. Vijana wamekokotoa sawasawa, lakini wamedhani kwamba mwendo wa miaka kumi iliyopita utabaki vilevile kwa miaka 76. Hilo halijawahi kutokea, hata hapa kwetu.

Waonyeshe kwanza hiyo 2.9 inatoka wapi. Gawanya milioni 45.9 za 2024 kwa milioni 34.6 za 2014, tafuta logi asilia ya jibu (utapata 0.28 na kidogo), kisha gawanya kwa miaka iliyopita. Hapo wengi hujikwaa. Miaka hiyo si kumi: sensa ya kwanza ilikuwa Agosti 2014 na ya pili Mei 2024, yaani miaka 9.7. Ukigawanya kwa 10 utapata 2.8, na tofauti hiyo ndogo ukiibeba miaka hamsini inakuwa mamilioni ya watu.

Kisha wape jaribio hili. Linafundisha kuliko maelezo yoyote. Wajifanye wako mwaka 2002. Wanajua sensa mbili tu: milioni 16.7 (Januari 1991) na milioni 24.2 (Septemba 2002). Mwendo wa kipindi hicho ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Waupeleke mbele mpaka Mei 2024. Watapata takriban milioni 48.5. Sensa ilihesabu milioni 45.9. Wamezidisha watu milioni 2.6, karibu asilimia 6, na hiyo ni nchi nzima, ambako makosa ya wilaya moja hufidiwa na ya nyingine. Ukishuka hadi wilaya au kaunti ndogo, tegemea kosa kubwa zaidi.

Baadhi ya vitabu vitawaelekeza kwenye mkunjo wa mwanahisabati Verhulst wa mwaka 1838, ule unaopanda kwa kasi kisha ukatulia kwenye ukomo. Unapendeza kwenye karatasi. Mwaka 1920 Raymond Pearl na Lowell Reed waliulinganisha na sensa za Marekani tangu 1790, ukakaa vizuri ajabu, nao wakatangaza kwamba ukomo wa watu wa nchi hiyo ni milioni 197. Haikufika miaka hamsini ukomo huo ukapitwa. Walikosa kwa sababu namba ya ukomo haimo ndani ya takwimu za zamani. Mkunjo unaibuni tu. Mstari kukaa vizuri juu ya yaliyopita si ushahidi kwamba unajua yajayo.

Madarasa ya mwaka 2035

*Mimi ni afisa mipango msaidizi katika wilaya moja ya mashariki. Nimeambiwa nikadirie vyumba vya darasa la kwanza vitakavyohitajika 2035. Ofisini tumezoea kuchukua idadi ya leo na kuongeza asilimia tatu kila mwaka. Je, kuna njia bora ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya mwenyewe? — Afisa, Mashariki*

Ipo, ndugu yetu, na ndiyo wanayotumia wataalamu wa takwimu duniani kote: kuwasogeza watu kirika. Badala ya kuuliza "watu wataongezeka kwa asilimia ngapi", unauliza maswali matatu madogo. Nani atabaki hai? Nani atazaa? Nani atahama?

Anza na swali lako lenyewe. Mtoto atakayeingia darasa la kwanza Februari 2035 akiwa na miaka sita atazaliwa 2028 au mapema 2029. Yeye hayupo bado. Lakini karibu mama zao wote wamekwishazaliwa na wamehesabiwa: sensa iliwakuta wakiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 44. Na watakaoingia darasa la kwanza 2030 wamo kwenye sensa wao wenyewe, kwa hiyo kwa mwaka huo huhitaji kukadiria uzazi kabisa. Vifo na kuhama tu.

Tufanye mfano. Namba za wilaya hii ni za kufundishia, si za wilaya yoyote, ila zimepangwa zifanane na sura ya nchi. Wilaya ina watu 300,000, na kati yao wanawake wa miaka 15 hadi 49 ni 70,000. Utafiti wa Kidemografia na Afya wa 2022 ulikuta mwanamke wa Uganda, kwa mwendo wa sasa, angezaa wastani wa watoto 5.2 maishani. Umri wa kuzaa ni miaka 35, kwa hiyo 5.2 gawanya kwa 35 ni 0.149: watoto 149 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 70,000, unapata watoto wapatao 10,400. (Hii ni njia ya mkato. Ukipata viwango vya uzazi vya kila kundi la miaka mitano, tumia hivyo, maana msichana wa miaka 17 na mwanamke wa miaka 27 hawazai kwa mwendo mmoja.)

Sasa sogea miaka mitano mbele, mpaka 2029. Wasichana 20,000 waliokuwa na miaka 10 hadi 14 wanaingia kundi la wanaozaa. Wanawake 5,000 waliokuwa na 45 hadi 49 wanatoka. Toa 1,000 kwa vifo. Wanabaki 84,000. Angalia hapo: waliokuja ni mara nne ya waliotoka. Hilo peke yake litaongeza vizazi hata kama kila mama atazaa wachache kuliko mama yake.

Uzazi nao unashuka. Ulikuwa 6.9 katika utafiti wa 2000/01, ukafika 5.2 mwaka 2022, sawa na kupungua 0.08 hivi kila mwaka. Ukiendelea hivyo, 2029 utakuwa 4.6. Weka hali mbili pembeni kwa pembeni. Uzazi ukishuka hadi 4.6, wanawake 84,000 watazaa takriban watoto 11,040 kwa mwaka. Uzazi ukigoma kwenye 5.2, watazaa 12,480. Njia yenu ya asilimia tatu ingewapa kama 12,000 bila kuwaambia ni kwa nini, wala ni kitu gani kikibadilika namba ibadilike.

Kutoka vizazi hadi darasani kuna ngazi mbili zaidi. Utafiti huohuo wa 2022 ulikuta vifo 52 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi 1,000, kwa hiyo zidisha kwa 0.95. Halafu kuna wanaorudia darasa, ambao wengi huwasahau. Tuseme mmoja kati ya kumi hurudia darasa la kwanza: basi wageni wapya ni tisa tu katika kila kumi waliokaa darasani, na unapaswa kugawanya kwa 0.9. Ukiweka wanafunzi 50 kwa chumba, uzazi wa chini unataka vyumba 233 na uzazi wa juu unataka 263. Andika zote mbili kwenye ripoti. Mkubwa wako atataka namba moja, nasi twajua. Mpe 233 kama vyumba vya kujenga bila shaka yoyote, na 30 vya ziada kama mpango unaosubiri. Vipe tarehe ya kuvitazama upya: vizazi vya 2028 vikishaandikwa kwenye vituo vya afya, utajua uko upande gani na bado una miaka sita ya kufyatua matofali.

Kabla ya yote hayo, kagua takwimu zako. Karani akimuuliza mzee umri, mara nyingi hujibiwa "andika sitini". Matokeo yake ni mirundo ya watu kwenye umri unaoishia na 0 na 5. Kipimo cha Whipple hukuonyesha ukubwa wa tatizo: chukua watu wote wa miaka 23 hadi 62, hesabu wale ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 5, gawanya kwa jumla ya wote, zidisha kwa 100. Jibu likiwa 100, hakuna mrundo. Likipita 125, usitumie umri wa mwaka mmoja mmoja. Unganisha makundi mawili mawili ya miaka mitano yawe ya miaka kumi kumi, kisha uyagawanye upya kwa ulaini. Na ukikuta kundi la 0 hadi 4 ni dogo kuliko la 5 hadi 9, usikimbilie kuandika kwamba watu wameacha kuzaa. Mara nyingi ni watoto wachanga waliosahaulika siku ya kuhesabu, hasa wale waliolala kwa bibi.

Hesabu iliyovunjwa na wageni

*Huku Yumbe makadirio ya zamani yalikosea vibaya mno. Kwa nini? — Msomaji, Yumbe*

Kwa sababu ya swali la tatu, la kuhama. Vifo na uzazi hutembea polepole. Kuhama kunaweza kufika kwa usiku mmoja. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti 2016, na mwaka huo ulipokwisha tayari yalikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu waliokimbia vita Sudan Kusini. Hakuna mstari wa zamani wa Yumbe ambao ungeweza kuwaona wakija.

Dawa yake si kutafuta hesabu ngumu zaidi. Weka majedwali mawili, la wenyeji na la wakimbizi, wala usiyachanganye. La wakimbizi lina watoto na wanawake wengi kupita kawaida, na linaongozwa na habari za mpakani, sio na uzazi. Ukichanganya, ukuaji wa 2016 utaingia kwenye mwendo wako na kukutabiria mafuriko ya watu kila mwaka.

Sera nayo huvunja hesabu kwa njia ileile. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza 1997, wanafunzi waliruka kutoka milioni tatu na kidogo hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka. Aliyekadiria kwa kufuata orodha za shule alipotea kabisa. Aliyekuwa na idadi ya watoto kwa umri alijua angalau dari liko wapi: hata shule zikifunguliwa vipi, hawawezi kuja wengi kuliko waliozaliwa, ukijumlisha na wakubwa waliokosa nafasi miaka ya nyuma.

Walitabiri milioni 1.4. Walitudanganya?

*Mwaka 2014 nilisikia redioni kwamba Ebola ya Afrika Magharibi ingefikia wagonjwa milioni 1.4. Haikufika hata robo. Ilipotufikia hapa 2022 watu wengi walisema "hao wa hesabu hutia chumvi". Mnasemaje? — Dada wa Mubende*

Dada, swali lako ni zito na linastahili jibu la wazi. Namba hiyo ilitolewa Septemba 2014 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Ilihusu Liberia na Sierra Leone hadi tarehe 20 Januari 2015, *ikiwa hakuna kitakachobadilika*, na ndani yake walijumlisha wagonjwa ambao hawakuripotiwa. Mwishowe, pamoja na Guinea, waliorekodiwa walikuwa kama 28,600, na waliofariki zaidi ya 11,300. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba kama wagonjwa wapatao asilimia 70 wangetengwa na kutunzwa salama, na maziko yakafanywa kwa usalama, mlipuko ungekwisha. Redio ilibeba sehemu ya kwanza ikaacha ya pili.

Tazama kwa nini sehemu hizo mbili zinaweza kukaa kwenye ripoti moja. Anza na wagonjwa 20. Ebola huchukua kama siku 15 kutoka mgonjwa mmoja hadi anayemwambukiza. Kila mgonjwa akiambukiza wastani wa watu 1.5, zidisha 20 kwa 1.5, kisha jibu lake kwa 1.5 tena, mpaka zitimie mara kumi: baada ya miezi mitano kizazi hicho cha mwisho peke yake kina wagonjwa zaidi ya 1,150. Kila mgonjwa akiambukiza 0.9, baada ya miezi hiyohiyo mitano wamebaki saba. Kati ya 1.5 na 0.9 hakuna muujiza. Ni mazishi mawili matatu yaliyofanywa bila kuosha maiti kwa mikono, na watu waliokutana na mgonjwa wakafuatiliwa siku 21.

Mubende mliona hayo wenyewe. Mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba 2022, na ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, ukiwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa, na 55 kati yao walifariki. Hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa kwa aina ile ya kirusi. Aliyefanya kazi ni mfuatiliaji wa vijijini na familia zilizokubali kukaa ndani.

Hata hivyo hatutawatetea kwa kila kitu. Dhana ya "hakuna kitakachobadilika" haikuwa na uwezekano hata siku ilipoandikwa, kwa maana watu wakiona jirani anakufa hubadili mwenendo bila kungoja wizara. Hesabu ya namna hiyo inafaa kuonyesha hatari ya kukaa kimya. Kuitangaza kama utabiri ni kosa, na hulipwa mlipuko unaofuata, watu wanapokataa kusikiliza.

Programu inayotabiri ghasia

*Kuna kijana amekuja kwa jumuiya yetu ya wafanyabiashara Kampala akiuza programu inayosema wilaya ipi itakuwa na ghasia mwezi ujao, kwa usahihi wa asilimia 95. Anataka ada ya kila mwezi. Tulipe? — Mfanyabiashara, Kampala*

Msilipe bado. Fanyeni hesabu hii mbele yake.

Uganda ina wilaya na majiji 146. Tuseme katika mwezi wa kawaida ni mawili tu yatakayokuwa na ghasia. Programu inayokamata asilimia 95 ya ghasia, na kukosea asilimia 5 ya maeneo tulivu, itayakamata yale mawili. Lakini pia itapiga kengele kwenye asilimia 5 ya yale 144 yaliyotulia, sawa na saba. Kengele tisa, za kweli mbili. Mtafunga maduka na kuhamisha mizigo mara saba bure. Na mtu asiye na programu yoyote, anayesema "kote ni amani" kila mwezi, atakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 98. Kwa hiyo 95 yake haina maana mpaka aeleze: kati ya kengele ulizopiga, ngapi zilikuwa za kweli?

Wapo wanaofanya kazi hii kwa uaminifu. Mradi wa ViEWS, ulioanzia Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, hutoa kila mwezi makadirio ya vifo vya mapigano, na huyaweka hadharani kabla ya tukio ili yeyote aje kuyapima. Wao wenyewe hujipima dhidi ya kanuni rahisi kabisa, kwamba mwezi ujao utafanana na uliopita. Kanuni hiyo ni ngumu kushindwa. Mahali palipowaka jana ndipo penye uwezekano wa kuwaka kesho, na kigumu ni kutambua pale ambapo hapajawahi kuwaka.

Kijana wenu huenda akawatajia mtafiti Peter Turchin, ambaye mwaka 2010 aliandika kwamba misukosuko ya kisiasa Marekani ingepanda kuelekea 2020, akitumia vipimo kama mishahara iliyodumaa, wasomi wengi wanaogombea nafasi chache, na deni la serikali. Ni kazi ya kuheshimiwa na ilipata. Lakini alitaja muongo, hakutaja mtaa wala mwezi, na tukio moja lililopatia halitoshi kupima kipimo. Mwambieni awaachie bahasha zilizofungwa za utabiri wa miezi sita, zenye tarehe, nanyi mzifungue baadaye pamoja.

Kwa kompyuta ya kawaida

*Nahitaji programu gani? Kompyuta yangu ni ya zamani. — Mwanafunzi, Mbarara*

Lahajedwali linatosha. Safu 17 kwa kila jinsia, kuanzia 0–4 hadi 80 na zaidi. Kila hatua ni miaka mitano, na kila kundi hushuka safu moja likiwa limezidishwa kwa uwiano wa kubaki hai. Wanaoanza hukosea palepale, kwa hiyo kumbuka haya: kundi la mwisho hupokea watu kutoka safu mbili, ya 75–79 na lenyewe, vizazi vya mwaka mmoja vizidishwe kwa tano, wanawake watumike wastani wa mwanzo na mwisho wa kipindi, na watoto wagawanywe takriban wavulana 103 kwa wasichana 100. Ukishalielewa lahajedwali lako, pakua Spectrum, ambayo ni ya bure na ina sehemu iitwayo DemProj ifanyayo kazi hiyohiyo. Usianze nayo. Itakupa majibu hata ukiiwekea takataka.

Jaribio la kwanza liwe la kurudi nyuma: anza na jedwali la 2014, piga hatua mbili, linganisha na 2024. Hapo utakutana na tatizo la mipaka. Mwaka 2014 wilaya zilikuwa 112, na nyingi zimegawanywa tangu hapo, kwa hiyo jina lilelile la wilaya huenda si eneo lilelile. Andika orodha ya kaunti ndogo zilizo ndani ya mipaka ya leo, tafuta kila moja katika matokeo ya 2014, kisha zijumlishe mwenyewe. Ni kazi ya siku mbili kwa wilaya moja. Kaunti ndogo iliyokatwa katikati irudishe hadi ngazi ya parokia, yaani eneo la utawala lililo chini ya kaunti ndogo.